Habari za Bangi: Ilitoka Wapi, Nayo Imewatenda Nini Watu



Katika vijiji vya Songea na nchi yote ya Ruvuma hapana haja ya kueleza bangi ni kitu gani. Mzee aijua, kijana aijua, hata mtoto wa shule aweza kukuambia majani yake yana umbo gani. Lakini kitu kinachojulikana sana, mara nyingi historia yake haijulikani. Juu ya bangi husikika maneno mawili. Wengine husema, “Bangi ni kitu cha mababu. Wao waliivuta, wakalima, wakapigana vita, wakazaa watoto, basi msitutishe.” Wengine nao husema, “Kila avutaye bangi, hata mara moja tu, atakuwa mwenda wazimu.” Maneno haya yapingana, wala hakuna hata moja lisimamalo imara mbele ya habari za kale zilizoandikwa.

Yafaa basi tuufuate mmea huu tangu kwao mpaka kwetu, tuone watu waliuupokea namna gani, nao uliwatenda nini. Maana mzazi anayetaka kumwonya mwanawe yampasa kujua habari zilizo kweli. Kijana akimshika mzazi katika neno moja la uongo, hata maneno ya kweli hatayasikia tena.

1. Kwao ni wapi?

Asili ya mmea wa bangi ni Asia ya kati. Huko watu waliupanda tangu maelfu ya miaka iliyopita, wala si kwa ajili ya ulevi tu. Wachina walitoa nyuzi katika shina lake, wakasokota kamba na kufuma nguo. Mbegu zake walizila na kukamua mafuta. Lakini nguvu ya kulevya nayo ilijulikana zamani. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza habari za makaburi yaliyochimbuliwa katika milima ya Pamir, magharibi ya nchi ya Uchina, ambayo umri wake ni kadiri ya miaka 2,500. Ndani yake vilikutwa vyetezo vya mti vyenye mawe yaliyopashwa moto, na katika masizi yake wakaona alama za bangi kali. Yaonekana watu wale waliifukiza walipokuwa wakizika wafu wao.

Katika Bara Hindi majani yalisagwa, yakachanganywa na maziwa, yakanywewa katika sikukuu. Tena waganga waliyatia katika dawa zao. Jina lake huko ni bhang, nalo latoka katika lugha ya kale ya Kisanskriti. Neno letu “bangi” ni neno hilo hilo. Jina lilisafiri pamoja na mmea: Wareno waliokaa Msumbiji waliandika “bangue”, na Washona wa Zimbabwe husema “mbanje”. Ng’ambo ya ziwa Nyasa, katika Malawi, watu husema “chamba”. Katika Kongo na Angola husema “diamba”, “riamba” au “liamba”. Wazulu wa kusini waliiita “insangu”. Mtu akiyapanga majina hayo huona njia ya mmea, kama mtu aonavyo nyayo katika mchanga.

Basi msemo wa kwamba bangi ni kitu cha mababu wataka kupunguzwa. Bangi ni mgeni. Ilivuka bahari ya Hindi pamoja na biashara ya Waarabu na Wahindi, ikaingia pwani, kisha ikapanda bara mkono kwa mkono. Wala kuwa mgeni peke yake si kosa. Mahindi na mihogo pia ni wageni. Vilitoka Amerika baada ya mwaka 1492, navyo vimetulisha mpaka leo. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Swali letu ndilo hilo: tangu mgeni huyu aje, je, wenyeji wamepona?

2. Wasafiri wa zamani walivyoona

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika habari za bangi katika nchi zetu alikuwa padre Mreno, João dos Santos, aliyekaa Sofala na sehemu nyingine za Msumbiji katika miaka ya mwisho ya karne ya 16. Kitabu chake kilipigwa chapa Ureno mwaka 1609. Yeye alieleza kwamba watu hukausha majani ya bangue, huyatwanga yakawa unga, kisha huyala na kunywa maji. Nao huweza kukaa kwa hayo muda mrefu bila chakula kingine, lakini wakizidisha hulewa kama kwa mvinyo. Msomaji aangalie neno hili: watu wale waliila, hawakuivuta.

Miaka 250 baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 pamoja na Speke kwenda Tabora na ziwa Tanganyika, aliona bangi imepandwa karibu na nyumba za watu njiani, nao huivuta kwa kiko cha buyu chenye maji. Wavutaji walikohoa kwa nguvu na kupiga kelele.

Mwaka huo huo wa 1857 daktari na mmisionari David Livingstone alitoa kitabu chake cha safari za kusini. Humo mna habari mbili zinazotufaa sana. Ya kwanza ni ya askari wa Sebituane, mfalme wa Wakololo. Askari hao walipowaona adui zao kwa mbali, waliketi kwanza wakavuta bangi, wapate ukali wa kushambulia. Ya pili ni ya Sekeletu, mwana wa Sebituane, na vijana wenzake. Livingstone aliwasihi waiache, hawakukubali. Lakini alipotazama katika kabila lao, hawakuweza kumwonyesha hata mzee mmoja aliyekuwa mzoefu wa kuivuta.

Tulipime jambo hili kwa haki. Ufalme wa Wakololo ulianguka mwaka 1864, baada ya kufa kwa Sekeletu. Haulikuwa kosa la bangi. Homa ya malaria iliwaua wengi, na watu wa Barotse waliotawaliwa nao waliinuka kuwapiga. Lakini habari ile ya wazee yabaki pale pale. Neno la “mababu waliivuta” lasema juu ya vijana wa zamani waliokwenda vitani. Lisemwapo, yafaa kuuliza pia: na wazee je, waliokaa barazani kukata mashauri, walikuwa wavutaji?

3. Songea katikati ya njia mbili

Wakololo na Wangoni walisukumwa na msukosuko mmoja, yaani vita vya kusini vya zamani za Shaka. Zwangendaba aliwavusha watu wake mto Zambezi mwaka 1835, akaenda nao kaskazini mpaka Ufipa, akafa huko kadiri ya mwaka 1848. Baada ya kufa kwake watu wakagawanyika, na fungu moja lililoongozwa na Zulu Gama likashuka mpaka nchi hii. Katika miaka ya 1860 liliwafukuza Wangoni wa Maseko, likaimiliki nchi. Hao wote asili yao ni huko kusini ambako insangu ilijulikana, nao walipita katika nchi nyingi za mbanje na chamba.

Njia ya pili ni ya misafara. Kutoka Kilwa mpaka ziwa Nyasa wafanya biashara walipita katika nchi yetu wakitafuta pembe na watumwa. Mizigo yao ilikuwa nguo, shanga, bunduki na baruti, na katika makambi yao walikuwamo watu wa pwani walioijua bangi kwa jina lile la Kihindi. Basi Songea ilikaa katikati ya njia mbili, moja ya vita na moja ya biashara ya watumwa. Hakuna katika hizo mbili iliyokuwa njia ya amani ya nyumbani. Mtu asemaye kwamba bangi ni mila ya kulima na kulea watoto, na akumbuke ilifuatana na watu gani.

4. Wana wa riamba

Hata hivyo kuna nchi moja ambako bangi iliwekwa iwe kifungo cha amani, wala haki haituruhusu kuificha habari hiyo. Ni katika Kasai, nchi ya Kongo, kwa watu wa mto Lulua. Mwaka 1881 Wadachi wawili, Paul Pogge na Hermann von Wissmann, walifika kwa mfalme wao Kalamba Mukenge. Wissmann huyo ndiye aliyevuka Afrika mpaka Saadani mwaka 1882, kisha akarudi mwaka 1889 kupigana na Abushiri, na mwaka 1895 akawa gavana wa nchi yetu.

Watu wale wa Kasai walijiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Zamani kila kijiji kilipigana na jirani yake. Ndipo walipofanya agano jipya: pombe ya mitende ikakatazwa, silaha zisiingie kijijini, sanamu na hirizi za kale zikachomwa moto, na watu wakaamkiana kwa neno “moyo”, ambalo kwao maana yake ni uzima. Jioni walikusanyika uwanjani, wakavuta pamoja buyu moja kubwa. Wissmann aliona kwamba watu waliokuwa wakali wamekuwa wapole kwa wageni.

Lakini tusome mpaka mwisho. Watu hao hao waliitumia bangi kuwa adhabu. Mwizi au mzinifu alilazimishwa kuvuta buyu baada ya buyu, na kosa likiwa kubwa alivuta mpaka akaanguka amezimia. Basi Bena Riamba wenyewe walijua kwamba kitu kile kile, kikipita kiasi, ni mateso ya mwili. Tena walikiwekea saa yake, mahali pake na watu wa kukisimamia. Amani yao ilitokana na agano la kuacha vita na silaha. Moshi ulikuwa alama yake tu. Hata dola ya Kongo ya mfalme Leopold II ilipokuja kuwadai mali na watu, alama hiyo haikuwaokoa. Kalamba na watu wake walilazimika kupigana.

Leo kijana avutaye kichakani nyuma ya soko hana agano, hana saa, hana msimamizi. Ameuchukua moshi, mipaka yake ameiacha.

5. Sheria zilivyoingia

Serikali za Ulaya hazikuwa na shauri moja juu ya bangi. Mwaka 1893 Waingereza waliotawala Bara Hindi waliweka baraza la kuchungulia habari zake. Baraza hilo liliwasikia mashahidi zaidi ya 1,000, likatoa vitabu saba. Likasema kwamba kutumia kidogo hakuonekani kuwadhuru wengi, bali kuzidisha hudhuru mwili na akili. Likaona tena kwamba katika nyumba za wagonjwa wa akili makarani waliandika “bangi” kuwa sababu ya ugonjwa bila kuchungulia sana. Basi neno la “kila avutaye huwa kichaa” lilipimwa tangu zamani, likaonekana limepita kiasi.

Hata hivyo nchi nyingine zililalamika. Mwaka 1923 serikali ya Afrika Kusini iliuandikia Ushirika wa Mataifa, na mwaka 1925, katika mkutano wa Geneva, mjumbe wa Misri alieleza kwa nguvu madhara ya hashishi kwa watu wake. Mkutano ukaitia bangi katika mapatano ya madawa ya kulevya pamoja na kasumba. Katika Tanganyika Waingereza waliikataza kwa sheria. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, Umoja wa Mataifa uliyakusanya mapatano yote ya zamani kuwa moja. Tanzania ikatunga sheria mpya mwaka 1995, na nyingine mwaka 2015 iliyoweka Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kwa sheria hiyo alimaye bangi aweza kufungwa miaka 30.

Siku hizi husemwa vijijini, “Malawi wameikubali, kwa nini sisi tusilime?” Yafaa kujua ni nini kilichokubaliwa. Lesotho mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020 ziliruhusu watu wenye kibali cha serikali kuilima kwa ajili ya dawa na nyuzi. Afrika Kusini mwaka 2018 mahakama kuu ya katiba iliruhusu mtu mzima kuitumia faraghani. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa uliitoa katika daraja la madawa yaliyokatazwa kwa ukali kuliko yote, lakini ukaiacha chini ya ulinzi. Sheria ya Malawi haivuki ziwa, nayo haimlindi mkulima wa Ruvuma hata siku moja.

6. Madaktari wasemavyo

Leo elimu imeongezeka. Katika bangi mna kitu kiingiacho katika ubongo na kugeuza hisia, kumbukumbu na kipimo cha wakati. Mvutaji hucheka, huona njaa, husahau alilokuwa akisema. Wengine hushikwa na hofu na moyo kwenda mbio. Akiendesha pikipiki katika hali hiyo ni hatari kwake na kwa aliyempakia. Moshi wake huleta kikohozi na makohozi ya kudumu. Mama mja mzito avutaye aweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Katika watu 10 waionjao, kadiri ya mmoja hufungwa nayo asiweze kuiacha. Nao waanzao utotoni hufungwa zaidi.

Juu ya wazimu, habari iliyo wazi ilitoka Sweden. Vijana 45,570 walioandikwa jeshini mwaka 1969 na 1970 waliulizwa habari za bangi, kisha wakafuatwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa mkubwa wa akili uitwao skizofrenia mara 6 kuliko wasiovuta. Wengi wa wavutaji hawakuupata. Lakini nani ajuaye kabla kwamba mwanawe ni katika wengi au katika wachache? Hatari huzidi kwa aanzaye mapema, kwa avutaye kila siku, na kwa aliye na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo.

Tena bangi ya leo si ile ya Burton. Katika Marekani iliyokamatwa na serikali mwaka 1995 ilikuwa na kiasi cha asilimia 4 cha kitu kile kilevyacho; mwaka 2014 ilifika asilimia 12, kwa sababu wakulima walichagua mbegu kali. Mtu asemaye, “Babu alivuta asidhurike,” alinganisha vitu viwili visivyolingana.

Dawa pia imepatikana. Mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa iliyotolewa katika mmea huu, isiyolevya, kwa watoto wenye aina chache za kifafa kikali. Dawa hiyo hupimwa na daktari. Kuvuta majani na kuiita dawa ni jambo jingine.

7. Shamba lililofichwa

Imebaki habari ya fedha, maana wengi hawaivuti bali huilima. Mahindi ya Ruvuma hulisha nchi nyingi, lakini bei yake huanguka, mbolea ni ghali, na ada ya shule haingoji. Mchuuzi huja usiku na fedha mkononi. Si vigumu kufahamu kwa nini mtu hupanda mistari michache katikati ya mahindi.

Lakini hesabu ifanywe yote. Mchuuzi hubeba mzigo akaenda. Mwenye shamba hubaki na shamba. Akikamatwa, yeye ndiye afungwaye, na mkewe abaki na watoto, jembe na deni. Tena sehemu ya mavuno hubaki kijijini, nayo huishia kwa watoto wa kijiji kile kile.

Mtu atauliza, “Na tumbako je? Umoja wa Ushirika wa Ngoni-Matengo ulianzishwa mwaka 1936 kuuza tumbako, nayo ni mgeni kutoka Amerika, nayo hudhuru.” Swali ni la haki. Tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka, ijapokuwa huuzwa dukani mchana. Ruhusa ya sheria si ushahidi wa usalama. Lakini kosa moja halihalalishi la pili. Tukiwa tumekwisha kupokea mgeni mmoja anayetula, si hekima kumfungulia mlango mwenziwe.

8. Tufanye nini?

Kwanza, tuwaambie watoto kweli, mapema, kabla hawajaambiwa na wenzao. Udongo upate ungali maji. Tusiwaambie kwamba watakufa kesho. Tuwaambie habari za wazee wa Wakololo, za adhabu ya Bena Riamba, na za vijana wa Sweden. Hayo hawataweza kuyapinga.

Pili, aliyefungwa na bangi tusimcheke, wala aliyepotewa na akili tusimfunge kamba nyuma ya nyumba tukisema amerogwa au amejitakia. Apelekwe hospitali mapema, Songea au Peramiho, nao wataona kama yafaa apelekwe mbele mpaka Mirembe, Dodoma. Ugonjwa wa akili una matibabu, na awahiye hupona upesi kuliko acheleweshwaye.

Tatu, vyama vya ushirika na wazee wa kijiji wasaidie mkulima apate bei ya haki ya mazao yake. Maonyo peke yake hayalipi ada.

Nasi tukiulizwa lile swali la mgeni, jibu la historia ni hili: kila taifa lililompokea lililazimika kumwekea mipaka, na kila mahali mipaka ilipovunjika, waliolipa kwanza walikuwa vijana. Kwetu mipaka hiyo haipo tena barazani. Yatupasa kuiweka nyumbani.